Mgongo wa Elspet na Miguu Mikavu ya Jeems

Sisi wanawake wa kijiji cha wavuvi cha Portcraig tuliwabeba waume zetu mgongoni. Wala si maneno ya kujisifu, ndivyo tulivyoishi. Gati hatukuwa nalo, mashua zilielea pale maji yanapofika kiunoni, na mwanamume akianza kazi na soksi mbichi atakaa nazo mbichi kutwa nzima katika upepo wa kaskazini, na hapo ujue umeanza safari ya ujane. Kwa hiyo alfajiri unakunja sketi, unaichomeka kiunoni, unaingia majini miguu mitupu, unamchukua wako mgongoni na buti zake, unamtua ndani ya mashua, kisha unarudi nyumbani kupika uji. Wakirudi jioni unakwenda kumteremsha vilevile.

Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia Elspet Mair, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe, Jeems Flett, nahodha wa mashua, alikuwa pande la mtu. Elspet mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, shingo haionekani. Ukiwatazama kutoka kilimani ungeapa kwamba Jeems anatembea juu ya maji, na mchungaji wetu aliwahi kulalamika kwamba picha ile haifai machoni pa waumini.

Sasa, Jeems alikuwa mtu wa kukwepa mazungumzo. Nyumbani humpati. Ukianza neno, anakumbuka mshipi wa kwenda kuutazama. Ukimfuata, anakwenda kwa fundi wa kamba. Ukimfuata na huko, anaingia kanisani na kukaa kwenye benchi la wazee, mahali ambapo mwanamke hana ruhusa ya kufungua kinywa. Elspet alihangaika hivyo mwaka mzima wa kwanza wa ndoa, akawa anaongea na sufuria.

Halafu asubuhi moja, katikati ya maji, alisimama.

"Jeems, yule mbuzi wa maziwa tunamnunua, hatumnunui?"

"Twende bwana, wenzangu wananingoja."

"Nimekuuliza."

"Tutaongea jioni."

Elspet akaulegeza mkono mmoja. Buti la Jeems likagusa maji, kwenye soli tu.

"Tunamnunua!" Jeems akapiga yowe. "Tunamnunua, mwanamke, kaza mkono!"

Tangu siku ile mambo yote ya nyumba ile yaliamuliwa majini. Jina la binti yao Jonet liliamuliwa majini. Paa jipya, majini. Mama yake Jeems aje kukaa nao au abaki kwake, hilo lilichukua asubuhi kadhaa, lakini nalo lilikwisha majini. Na Elspet aliweka sheria: neno lililotolewa baharini halibatilishwi nchi kavu. Wavuvi wenzake Jeems walisikia kila kitu. Walitazama upande wa pili kwa adabu, mabega yakiwacheza kwa kicheko.

Miaka ilipopita, baridi yabisi ilimwingia Elspet taratibu. Ilianza magotini, ikapanda nyongani, ikahamia mabegani. Asubuhi alishuka kitandani kinyumenyume. Vidole vya kutia chambo cha kome kwenye ndoana vikakataa kukunjika, akawa ananiletea mshipi wake nimsaidie, huku akisema eti mimi ndiye niliyechoka na upweke. Alificha ugonjwa ule kama mtu anavyoficha deni, na mimi nikajitia hamnazo kwa sababu nilizijua hasira zake.

Mpaka asubuhi moja ya Januari. Alifika katikati, magoti yakagoma. Akasimama kama nguzo, Jeems juu yake, mbele haendi, nyuma harudi. Jeems, maskini, akadhani ni mambo yaleyale.

"Haya, nakubali," akasema.

Elspet hakusogea.

"Nimesema nakubali! Lolote lile, Elspet! Kama ni lile kabati, nunua!"

"Sijasema kitu," akajibu Elspet, na pale ndipo nilipoona kwamba analia.

Tuliingia majini wanawake wawili, mmoja akamchukua mwanamume, mimi nikamtoa Elspet kwa kumkokota kwapani. Njia nzima alikuwa ananitukana eti namchafulia sketi.

Kulikuwa na daktari wa mjini, Daktari Thain, aliyekuja mara kwa mara kwenye jumba kubwa la kilimani kumtibu bibi mwenye jumba kwa ugonjwa huohuo. Elspet alikuwa akipeleka samaki kwenye mlango wa jikoni wa jumba lile. Akamvizia daktari uani na kusimama mbele ya farasi wake, ameshika fimbo, na yule farasi alikuwa na akili, hakusogea. Daktari alivaa nguo nyeusi na kitambaa cheupe shingoni, na nywele za bandia zilizopakwa unga. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa maswali. Akateremka, akamkagua magoti palepale, na jioni ile Elspet alinieleza masharti yote huku akihesabu kwa vidole visivyokunjika.

Avae sufu nyekundu ikigusa ngozi, kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, asiivue mpaka joto lifike. Asuguliwe kwa brashi ngumu asubuhi na jioni mpaka awe mwekundu. Abandikwe plasta ya unga wa wadudu, ile inayotoa malengelenge, kwenye kila goti kwa zamu. Anywe utomvu wa mti fulani wa visiwa vya mbali, ulioyeyushwa ndani ya wiski, kijiko kwa kijiko. Samaki wa chumvi marufuku. Bia marufuku. Maziwa na uji mwepesi.

"Na baharini?" nikamuuliza.

"Nisiingize hata kidole mpaka aniruhusu yeye. Nikamwambia, bwana daktari, sasa nani atambeba mume wangu? Akaniuliza, kwani mumeo ni kilema? Nikamwambia hapana bwana, ni mvuvi."

Aliyafuata masharti yote, ila alilalamika kwa sauti ya kufika mtaa wa tatu. Mimi ndiye niliyeshika brashi. Plasta ilipotoa malengelenge aliniambia kwamba kama hii ndiyo dawa, basi ugonjwa ulikuwa na heshima zaidi. Utomvu ule ulikuwa mchungu kiasi kwamba hata wiski haikuuficha, lakini Jeems naye akaanza kusikia maumivu ya kiwiko, akaomba kijiko. Alipewa uji.

Kabla hata haijatangazwa kwamba Elspet kakatazwa maji, Baubie Legge alishajitokeza. Baubie alikuwa mjane mwenye miguu mirefu na sauti laini, na mtu mwenye sauti laini huwa simwamini. Akaja mlangoni na sketi ameshaikunja.

"Dada Elspet, wewe pumzika tu. Jeems nitambeba mimi. Majirani ni wa nini?"

Elspet alikaa mlangoni na sufu yake akamtazama Jeems akienda zake juu ya mgongo wa mwenzake. Nilikuwa pembeni.

"Anabeba vizuri," nikasema, kwa kukosa la kusema.

"Ndicho kinachoniudhi."

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili Jeems alirudi nyumbani akasema kwamba kuku wa Baubie watalala kwenye kibanda chao, kwa kuwa cha Baubie kinavuja. Elspet akashangaa, Jeems hajawahi kutoa wazo lolote juu ya kuku tangu azaliwe. Baada ya hapo sufuria yao kubwa ikahamia kwa Baubie. Elspet aliweka kijiko cha dawa chini.

"Isobel," akaniambia, "anaongea naye."

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Anaongea naye majini!"

Kuku na sufuria tungevumilia. Ila majira yale askari wa jeshi la majini la mfalme walipita wakikamata wanaume kwa nguvu wakatumike kwenye meli za vita, wakamchukua mmoja wa mashua ya Jeems, ikabaki nafasi moja kwenye makasia. Elspet aliitaka nafasi ile kwa ajili ya mume wa binti yao Jonet. Kijana yule hakuwa na mashua ya kuvulia, na alishapata kazi kwenye meli za makaa ya mawe huko kusini. Akienda, anakwenda na Jonet na mtoto wao, na safari yenyewe ni ya siku nyingi kwa miguu. Kwa magoti yale Elspet asingemwona tena mjukuu wake, labda aletwe siku ya kumzika. Hilo alilijua, na Jeems alilijua, na alingoja tu Elspet aulize.

Elspet hakuwa na mahali pa kuulizia. Jeems akaja akakaa, akatazama moto, akasema nafasi amempa Doddie, mtoto wa Baubie.

Doddie! Mtu mzima ambaye jua la asubuhi alikuwa analisikia kwa watu tu.

"Umempa Doddie," Elspet akarudia.

"Neno limeshatoka."

"Limetokea wapi?"

"Majini."

"Kwa hiari yako?"

"Alisimama, Elspet," akasema Jeems, na alikuwa mnyonge kweli. "Alisimama palepale unaposimama wewe. Kwa mazoea nikasema ndiyo."

"Basi kamwambie umeghairi."

"Nitaghairije? Sheria ni yako. Neno la baharini halibatilishwi nchi kavu."

Nilisikia kishindo kupitia ukutani, nikakimbilia huko. Nilimkuta Elspet ameshafika mlangoni, anataka kwenda kuingia baharini usiku uleule kumngojea Jeems humo mpaka asubuhi. Nilimshika sufu, ikanyooka, lakini sikuiachia. Magoti yalikuwa yameanza kupata nafuu, sikutaka yaharibike kwa ajili ya Doddie. Alilia kwa hasira, nami nikalia kwa kumwonea huruma, na Jeems akakumbuka mshipi wa kwenda kuutazama.

Jonet akaanza kufunga mizigo. Elspet akawa haombi chochote, anameza utomvu wake kimyakimya, na kimya cha Elspet kilinitisha kuliko matusi yake.

Mwisho wa Mei Daktari Thain alikuja kumkagua Elspet. Angekuja saa za watu, yasingetokea haya. Lakini alilala kwenye jumba la kilimani, akaamka mapema, akateremka pwani na farasi wake wa kijivu alfajiri, wakati mashua zinataka kutoka. Wanaume wakaona nguo nyeusi. Wakaona kitambaa cheupe shingoni.

"Mchungaji!" mmoja akapiga kelele.

Kwetu mvuvi akikutana na mchungaji asubuhi, siku imekufa. Anayemwona anashika chuma na kurudi nyumbani. Wote wakarukia chuma: huyu kisu, yule nanga, mwingine kifungo cha mkanda. Baubie alikuwa ameshambeba Jeems, kabaki hatua chache aguse maji. Akamtua mchangani haraka kama aliyebeba kaa la moto.

"Mimi ni daktari," akasema Daktari Thain.

"Umechelewa kusema, bwana," Jeems akamjibu. "Leo hakuna wa kwenda kuvua."

Hivyo pwani ikajaa watu wasio na kazi, na Elspet akakaguliwa mbele yao akiwa amekalia kapu la samaki lililopinduliwa. Daktari alimkunja goti, akalinyoosha, akamkunja la pili. Akafurahi sana, hasa kwa kazi yake mwenyewe.

"Vizuri. Sasa tunaingia hatua ya pili ya tiba. Maji baridi ya bahari."

Kicheko kilichotoka kwa wanawake wa Portcraig kilimshtua farasi.

"Wagonjwa wangu wa mjini wanasafiri mbali kuyafuata," daktari akasema, amekereka. "Mgonjwa anazama mpaka shingoni, anatoka mara moja, anasuguliwa, anarudishwa kwenye sufu."

"Huyu ameyafuata kila alfajiri tangu aolewe," nikamwambia.

"Hayo ndiyo yaliyomwumiza, mama. Kusimama ndani na mzigo kunaleta ugonjwa. Kuzama na kutoka kunauondoa."

Tofauti hiyo sijaielewa mpaka leo, lakini mimi sikusoma. Elspet alikuwa ameinua kichwa. Niliyaona macho yake, nikajua kuna kitu.

"Bwana daktari, nitembee mwenyewe mpaka kwenye maji?"

"La hasha! Mawe ni baridi. Lazima ufike majini ukiwa na joto la kitanda. Mjini wanawake hupelekwa ndani ya kibanda cha magurudumu, kinachovutwa na farasi mpaka kwenye kina. Huyu wangu haingii maji. Hapa mna farasi?"

Elspet akayazungusha macho pwani yote, taratibu, hana haraka.

"Nina Jeems," akasema.

Jeems alitazama soksi zake.

"Elspet, mimi?"

"Kwani leo unakwenda kuvua?"

"Vua buti, bwana," daktari akaamuru, kashatoa saa yake mfukoni.

Baubie akapenya kwenye umati. "Jamani, mimi niko tayari, miguu yangu imezoea. Nitambeba mimi dada yangu."

"Daktari kasema farasi, Baubie," Elspet akamjibu. "Hajasema punda."

Jeems akavua buti. Akavua soksi. Miguu ile ilikuwa myeupe, laini, haina hata kovu, na wanawake wakasogea kuitazama.

"Mwone huyo! Miguu ya mtoto mchanga!"

"Shoga, miaka yote hiyo ulikuwa unabeba maziwa!"

Akachuchumaa, Elspet akapanda mgongoni na sufu yake nyekundu. Mimi nikafuata nyuma na blanketi la kumpokelea, ndiyo maana niliyasikia yote. Maji yalipomfika Jeems kwenye vifundo akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Yalipofika magotini akaacha kupumua. Kiunoni akasimama. Palepale.

Mdomo wa Elspet ulikuwa sikioni kwake. Maneno alikuwa ameyaandaa tangu apate habari za Doddie, nami nilijua yalikuwa marefu na makali.

"Jeems," akaanza.

"Elspet," Jeems akamkatiza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni baridi."

"Ni bahari, Jeems."

"Hapana. Inauma. Inaingia kwenye mfupa."

"Ndiyo. Inaingia."

Meno yakawa yanamgongana. "Kila siku ilikuwa hivi?"

"Kila siku uliyokwenda. Na kila siku uliyorudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniacha nikuambie wapi?"

Mabega ya Jeems yalikuwa yanatikisika, na si baridi peke yake, kwani mimi ninajua mtu anayetetemeka na mtu anayelia. Nyuma yetu watu waliacha kucheka. Nilidhani Elspet atamkumbatia, atamwambia basi mume wangu, yamepita.

"Sasa," akasema Elspet, "habari ya nafasi ya Doddie."

"Imefutwa! Ni ya mume wa Jonet. Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Sema kwa sauti, wa nchi kavu wasikie."

Jeems akaitangaza. Huko pwani nilimwona Jonet akikaa chini juu ya mawe na mtoto wake, mikono usoni.

"Na kuku?"

"Waondoke!"

"Haya. Nizamishe sasa, daktari anatazama saa."

Lakini Jeems hakumzamisha. Alisimama tu, amemshika miguu kwa mikono yote miwili, kama kwamba kumwingiza mke wake kwenye maji yale ni kosa. Daktari alipiga kelele mara mbili. Mwishowe Jeems akakunja magoti yake mwenyewe, akashuka naye mpaka maji yakawafika wote wawili shingoni, wakainuka pamoja, Elspet akimtukana kwa furaha.

Kesho yake mashua zilitoka. Baubie alikuja na sketi ameikunja, maana haya hana. Jeems akampita. Alikuwa ameshika buti mkono mmoja na soksi mkono wa pili, suruali ameipandisha, akaelekea majini peke yake, jambo ambalo hakuna mwanamume wa Portcraig aliyewahi kulifanya. Wenzake, kila mmoja juu ya mgongo wa mkewe, wakamshangilia kwa kejeli.

"Jeems! Vipi, mkeo kafa?"

"Bado," akasema Jeems. "Na sitaki afe."

Kati ya wanawake waliowabeba waume zao, mmoja au wawili walisimama pale walipokuwa, kiunoni, wakasubiri kidogo kabla ya kuendelea. Jeems akaingia majini, na yowe lake lilisikika mpaka kanisani.